Nguzo ya Tatu, Kushoto

Mkataba ulisema hivi: kwangua rangi kuukuu,
paka nyeupe, siku kumi na nne, brashi ni zako.
Haukutaja macho.

Nilikuwa juu ya jukwaa la mikaratusi,
kanisa la Kyabagonya, kilimani, huku Buddu,
chini yetu bonde la mafunjo likipumua ukungu.
Tabaka la kwanza likatoka: yubilei, wakati wa babu wa kwaya.
La pili: miaka ya vita, chokaa iliyochanganywa na majivu,
maana hata chokaa ilikuwa imekimbia.
La tatu sikulijua.
La nne likanitazama.

Nasimulia nilivyosimuliwa na Nakiwolo, mtunza sakristia,
ambaye huhesabu mishumaa kwa sauti na hapendi maswali.

Padre Odilo alifika na picha moja ya wino, ukubwa wa kiganja:
kanisa la kijijini kwao, zee la miaka mia nane,
kuta nene kama za ngome,
madirisha membamba kama macho ya paka adhuhuri,
matao ya duara, na juu ya kila nguzo mnyama
anayemla mtu, au mtu anayemla mnyama;
wino ulikuwa umefifia.
Akasema, jengeni hili.
Mawe hapakuwa. Wakavunja vichuguu.

Udongo wa mchwa ukakanyagwa hadi ukalainika,
tanuri likawaka siku tisa,
na kila aliyetaka ubatizo alipanda kilima
na matofali mawili kichwani, Jumapili hadi Jumapili.
Nyuma ya mimbari lipo tofali lenye alama ya kidole gumba
na jingine lenye kwato ya mbuzi.
Naye alibatizwa, asema Nakiwolo, bila kucheka.

Tao walilifunga juu ya mbao za mvule.
Siku ya kuzing'oa mbao, nani asimame chini?
Akasimama Lukanga, mwashi. Baadaye akaeleza:
ni kama walevi watokao kilabuni, kila mmoja
anamwangukia mwenzake, na kwa kuwa njia ni nyembamba
wote wanafika nyumbani.
Padre aliyaandika maneno hayo daftarini.
Jina hakuliandika.

Huyo Lukanga ndiye aliyepewa mnyama wa nguzo hii.
Mwili wa simba, alielekeza Padre, kichwa na mabawa ya tai,
bawabu wa nyumba ya Mungu.
Lakini Lukanga alikuwa wa ukoo wa Ngaali:
korongo-taji kwao haliwi, hapigwi jiwe.
Mwiko mkononi, mwiko moyoni,
na huyo tai hakumjua kiasi cha kumwachia mlango.
Akafinyanga, akachoma:
taji la manyoya, shingo, mabawa yaliyokunjuka nusu,
na chini miguu minne ya chui,
kucha zimezama nguzoni
kama za mwenye nyumba.

Padre alimtazama mnyama, akaitazama picha yake,
akaikunja, akaitia mfukoni.
Padre aliyemfuata ndiye aliyeleta chokaa.

Mwenyekiti wa kamati alipanda ngazi mara moja, akashuka.
Askofu anakuja Jumapili, alisema. Nyeupe.
Sikubishana; nina watoto wawili shuleni na ada ni ada.
Nikapaka mabawa. Nikapaka taji, ambalo lilikunywa rangi
kama lililokuwa na kiu tangu siku ya kwanza.
Nikapaka kucha, moja moja, nikizihesabu: kumi na saba.
Ya kumi na nane Lukanga aliisahau,
au aliiweka mahali.
Nilipofika jichoni brashi ilikauka.
Brashi hukauka.

Jumapili askofu aliusifu weupe.
Nilikaa nyuma kabisa, benchi lisilo na mgongo,
mikono bado inanuka tapentaini.
Mbele yangu mtoto mchanga, begani kwa mama yake,
alikuwa amelia tangu Kirie.
Ghafla akanyamaza.
Shingo imepinda, mdomo wazi, anatazama juu,
nguzo ya tatu, kushoto.
Sikugeuka. Niliwaacha watazamane.