Nani wa Mwisho?

Njia panda ya Cabaiguán, saa moja asubuhi,
nimevaa sare yangu ya manjano iliyopauka kwapani,
daftari mkononi, kalamu nimeifunga kwa uzi
isije ikapanda gari ikaniacha.

Foleni yetu haina mstari.
Mmoja anamenya chungwa, mwingine kalala ukutani,
na kila afikaye huuliza hewani, "Nani wa mwisho?"
"Mimi," hujibu sauti kutoka kivulini.
Basi, umeshapata mahali pako,
kaa utakapo: foleni inakaa vinywani.

Subira huvuta heri. Hapa huvuta lori la saruji,
tena si kila siku.
Nainua mkono. Gari la serikali sharti lisimame,
ndivyo ilivyoandikwa,
lakini lipo linionalo mti,
likapita na viti vinne vitupu
na dereva anayejikuna sikio la upande wangu.
Naandika namba yake. Vumbi linatua juu ya wino.

Leo yupo Idalmis na keki.
Ghorofa mbili, krimu ya buluu, kifuniko hakuna.
Bintiye anatimiza kumi na mitano huko Fomento.
Imekuja kwa gari la farasi, kisha kwa trekta,
na watu ishirini na sita wako mbele yake.
Krimu inaanza kutoa jasho.

Leovigildo, wa kwanza tangu alfajiri,
alikuwa amekalia betri yake mbovu.
Akaitazama keki. Akavitazama viatu vyake.
"Mama, chukua pangu," akasema. "Wa mwisho ni mimi."

Saa nne likaja lori, nafasi tisa tu.
Keki ilitangulia, mkono kwa mkono,
ikapokewa juu na mzee aliyeivulia kofia
akaanza kuipepea.
Daftari langu halina safu ya keki.
Nikaandika: abiria kumi.

Jioni navua shati la manjano, nalikunja mkobani;
bila hilo mkono wangu ni mkono tu.
Kwangu ni kilomita kumi na tisa.
Waliochoka wamerudi makwao.
Kwenye lami, tone la krimu ya buluu,
na sisimizi, wao ndio wenye mstari.

Nasogea ukutani. Nauliza, kama mtu yeyote,
"Nani wa mwisho?"

"Mimi," anajibu Leovigildo,
na kusogea kidogo juu ya betri.