Jumanne Mbili

Tangu kiharusi kimpige baba, mwezi wa Novemba,
majina yamehama vitu vyake.
Kikombe ni ngazi. Mama yangu, Ouida, ni kanisa;
mwenyewe amekubali, anasema si cheo kibaya.
Samaki, wa aina zote, ni Jumanne.

Leo ni Alhamisi, wiki ya tatu ya Machi.
Upande huu wa Florida ghuba imepata joto
la kumtosha mtu kutia miguu bila kutukana.
Chavua ya misonobari imetanda majini
kana kwamba mtu amekung'uta mfuko wa manjano.
Nimekifunga kiti chake kwa mikanda, mbele ya mashua.
Mkono wa kushoto umelala pajani
kama mgeni asiyeijua lugha ya nyumba.

Nyavu zake kubwa zilipigwa marufuku
nikiwa darasa la pili. Alimuuzia mkulima mmoja
azungushie nyanya, kulungu wasile.
Kikabaki kimia kimoja, na meno ya kukishikia.
Sasa meno ni yangu: nauma kamba ya risasi,
nazungusha kiuno, naachilia,
na kimia kinafunguka umbo la ndizi.
Baba anacheka kwa upande mmoja wa uso.
"Ngazi," anasema.
Najua maana yake. Narudia.

Mara ya nne kinafunguka duara,
kinapanda kimejaa dagaa,
wanaipiga sakafu kama mvua juu ya bati.

Mlangoni pa mikoko nazima injini, nashika upondo.
Chini yetu nyasi za bahari zimelalia bara:
maji bado yanajaa. Taa anaondoka,
anaacha wingu la mchanga pale alipokuwa.
Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi,
lakini huyu ameturuka mimi, baba na injini
akaangukia ng'ambo, akaenda zake.

"Pale," nasema, "chini ya ule mzizi wenye chaza."
Hanitazami. Mkono wa kulia haukuugua.
Anatupa hatua mbili kushoto kwa mzizi
kwa sababu mimi nimeona mzizi
na yeye ameona kitu.

Maji yanapasuka.
Mshipi unalia, fimbo inajikunja hadi majini,
na snuku, mstari mweusi ubavuni kama wa rula,
anakimbilia mizizini akaukate.
"Jumanne!" baba anapiga kelele. "Jumanne! Jumanne!"
Yeye anavuta, mimi nazungusha gurudumu,
mikono mitatu kwa watu wawili,
nywele zangu mdomoni, goti langu ndani ya ndoo.

Inchi thelathini na tatu na nusu.
Sheria inakomea thelathini na tatu.
Zamani angembana mkia, angetazama mwari angani,
angesema rula imesinyaa kwa jua.
Sasa anaweka kiganja kizima juu ya tumbo la samaki
na kukiacha hapo, muda mrefu
kuliko samaki anavyoweza kuvumilia.
"Baba, anakufa."
"Kanisa," anasema.

Nageuka kutazama nyumbani, nikidhani anamtaka mama.
Halafu naliona lile tumbo, lilivyojaa.

Namshika mkiani ndani ya maji,
namsogeza mbele, nyuma, mbele,
hadi anakichoka kidole changu na kukiuma.
Anaondoka bila haraka,
kama mtu aliyekuwa na safari yake tangu mwanzo.

Wengine tunawapata mchana, wa madoadoa,
kwenye nyasi, wa halali, wala hawana habari nyingi.

Mama anatungoja gatini, aproni mwilini, miwani kichwani.
"Mmeleta nini?"
"Jumanne mbili," namjibu, kabla baba hajafungua kinywa.
Anainua kifuniko cha sanduku la barafu.
"Ndogo," anasema,
na kwenda kutafuta kisu,
ambacho hadi leo hakijapata jina jipya.