Umri wa Hamisi Mwatsahu

Kitambulisho chake tulikitoa ndani ya kopo la Kasuku,
kinanuka karafuu na kutu.
Mwaka wa kuzaliwa: 1914.
Mwaka uleule vita vilipoanza.
Basi kwa hesabu ya serikali, babu wa mama yangu
alikwenda vitani kitovu hakijakauka.

Nyanya Mejumaa, bintiye wa mwisho, hacheki.
Yuko barazani Mtongwe, miguu imo beseni la maji ya chumvi,
ahesabu kwa vitu, si kwa tarakimu:
"Njaa ya Magunia ilimkuta anatambaa.
Akapewa mchele wa msaada, akautema,
akalilia muhogo.
Nimelisikia kwa mamaye mwenyewe."
Najumlisha kiganjani, natoa, narudia:
vita vikianza, kumi na tano. Kumi na sita.
Ndevu za kuazima.

Nikavuka feri na bahasha na kalamu mbili.

Chumba cha nyaraka, feni inakohoa.
Karani, Mwinyifaki, kavaa glavu mkono mmoja,
akanifunulia daftari la wapagazi.
Hakuna Mwatsahu.
Kuna Muatsao. Kuna Watsawu. Kuna Mchawo,
kila sikio geni na tahajia yake.
Na chini kabisa, wino ulipokunywa maji:
Amisi Watsau, Mdigo, Mtongwe. 1917. Umri: 30.

Thelathini!
Nani alizihesabu?
Naiona meza, foleni, bwana asiyeinua uso.
Kamwinua mkono, kamchungulia kwapa,
kampa miaka kama alivyompa blanketi:
shika, nenda, la kimo chochote.

Pembeni, herufi moja imekaa peke yake. D.
"Hii," asema Mwinyifaki, "kwa lugha yao
huenda ni kufa.
Huenda ni kutoroka.
Huenda ni kuruhusiwa arudi kwao.
Yote matatu huanza hivi."
Akafunga daftari taratibu, kama anayefunika chakula.

Akiwa alikufa, si wetu. Wetu alizikwa na wajukuu.
Akiwa aliruhusiwa, ule mshahara uko wapi,
ile nishani iko wapi,
mbona kopo lina karafuu tupu?

Nikarudi. Maji ya beseni yamepoa.
"Nyanya, Babu aliwahi kusema neno Keya?"
"Baba hakusema. Baba alizunguka."
"Alizunguka vipi?"
"Akienda Majengo kwa dadake, hakukanyaga Mwembe Tayari.
Alizungukia Shimanzi, jua la saa saba,
furushi kichwani. Begani hakubeba kitu.
Na mgeni akiita 'Hamisi!' hakugeuka.
Aligeuka mimi nikimwita."

Kisha akajigusa bega la kulia, kwa kidole kimoja,
akakibonyeza.
"Hapa alikuwa na bonde.
Sisi watoto tulitia humo kokwa za ukwaju, mbili,
akatembea nazo hadi kisimani, hazikuanguka.
Tulimuuliza: Baba, nani alikuchimba?
Akasema: ng'ombe. Ng'ombe alinipiga."

Nikaandika: ng'ombe.

"Andika na hili," akasema, akitoa miguu majini.
"Hatukuwahi kuwa na ng'ombe."

Mwashi amekuja Alhamisi, ataka maneno ya jiwe.
Nimempa jina lote, kwa herufi zetu, T na S na H yake.
Amefika kwenye umri, patasi imesimama.
Hamsini na saba? Sabini na mbili? Themanini na nne?
Watu watatu kaburi moja, na mmoja wao
pengine angali anakimbia usiku, kusini huko,
begi la unga kalitupa, bega linavuja damu,
anajifunza kutogeuka.

Nikamwambia: hapo usiandike.
Hapo chimba kidogo,
kina cha kokwa mbili za ukwaju.

Akanitazama. Akapangusa vumbi.
"Na shimo nalo," akauliza,
"nitoze kama herufi?"