Nusu ya Ahidini

Saa kumi na mbili na nusu, Julai. Ukungu umelala juu ya Newala
kama mgonjwa aliyekataa kuamka.
Karani wa ardhi ametupa vitambaa vyekundu kumi na viwili:
sita vyangu, sita vya Ahidini.
"Yazungukeni malisho ya mama yenu, mfunge mpakani.
Mkirudi nitaandika."
Hatukutaka kutazamana visogo.
Yeye akashika kushoto, mimi kulia.

Mwanzo ni tambarare, udanganyifu mtupu:
nyasi za magotini, umande unaoingia kwenye yeboyebo
na kuifanya kila hatua iseme fyoko, fyoko.
Mbuzi wa mama walinitazama wakitafuna.
Hawajui kwamba tumewagawana kwa mdomo tangu arobaini,
kwamba yule mweupe mwenye sikio lililokatika
ametugombanisha mara tatu.

Kisha ardhi inakatika.

Inakatika kama neno la mtu aliyepigwa kofi,
na chini, mbali, Ruvuma ni uzi,
na ng'ambo ya uzi Msumbiji inaamka bila haraka.
Nilishuka kwa makalio.
Sisemi uongo: kwa makalio, na kwa jina la Mungu,
nikishika mizizi aliyoishika mama
na ndoo kichwani, na mimi mgongoni,
miaka ile maji yalipokuwa chini na watu juu.
Upupu ulinipata shingoni.
Kitambaa cha tatu nilikifunga huku najikuna.
Cha nne kwenye mwanzi.
Cha tano nilikifungia goti.

Tulikutana chemchemini.
Alikuwa ametangulia, amekaa, miguu majini,
shati linanuka salfa ya mikorosho,
kiganja kimechanika.
Hakuuliza goti. Sikuuliza kiganja.
Akatoa ming'oko ya kuchemsha kwenye mfuko wa rambo,
akaiweka juu ya jiwe:
si kwangu, si kwake, katikati.
"Kupanda upande wako kukoje?"
"Utaona."
Tukapishana.

Nusu ya pili ya mzunguko ni ya mwenzako.
Hilo hakuna aliyeniambia.
Nilipanda juu ya nyayo zake:
hapa kisigino kimezama, cha mguu ule wa kulia
alioanguka nao kutoka mkoroshoni, nami chini nikicheka;
hapa ameteleza, udongo mwekundu umeparuliwa na vidole vitano;
hapa amekaa muda mrefu,
maganda ya njugu, kijiti,
kitu amekichora akakifuta kwa unyayo.
Nilisimama pale nikitafuta pumzi
nikijaribu kukisoma. Sikuweza.

Kitambaa chake cha pili kilifungwa kwa fundo la mama,
lile la kumfungia mwanambuzi,
linalovutika bila kukaba.
Miaka yote nilidhani alinifundisha mimi peke yangu.

Juu, nyasi tena, upepo, jua limekwisha kuula ukungu.
Magoti yalitetemeka kama ya mtu aliyeitwa jina lake barazani.
Nikawaza: naye saa hizi yuko ukingoni kwangu,
anasoma udongo, anaona nilivyoshuka.

Alifika baada yangu, anacheka kabla ya salamu.
"Somoe! Makalio!"
Karani hakuelewa. Akafungua daftari, akahesabu.
"Kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kiko wapi?"
Nikaonyesha goti.
"Basi hapo pana pengo. Kati ya mwanzi na chemchemi
mpaka wenu uko wazi."
"Paache," alisema Ahidini,
na sikujua anamwambia yeye au mimi.

Yule mweupe akapita katikati yetu, anatafuna,
akaelekea kunakoshuka.
Upupu ulinila shingo mpaka usiku.