Mizani ya Barua

Ishirini na miwili, miaka yangu chaini,
Nachuma jani la pili, chipukizi kileleni,
Kapu limenila mwili, kamba ipo kipajini,
Jioni tuko foleni, kumngojea Barua.

Barua ni lake jina, ndiye anayeandika,
Assamu ni la ungwana, ukoo wa kusifika,
Na mimi kisomo sina, barua nikiishika
Juu chini yageuka, sijui pa kufungua.

Kapu hulining'iniza kwenye mizani ya shaba,
Mshale ukishacheza, husema, "Kumi na saba."
Ya umande hupunguza, ya kapu nayo si haba.
Nilimwona kama baba: sijui, naye ajua.

Binti yangu ni Somari, mwembamba, mbishi mno,
Nilikuwa na shauri: achume, tupate vuno.
Baba yake akakiri, "Tumbo halisomi neno."
Jioni, mwezi wa tano, kanifuata na mvua.

Akasimama pembeni, matope hadi magoti,
Macho yake mshaleni, si kwa bwana mwenye koti:
"Mama, pale ishirini na nusu. Si saba, eti?"
Kimya kikakaa kati, hata mvua ikatua.

Akacheka: "We mtoto, mizani si ya kusoma."
Akamjibu kwa joto, "Shuleni nayo twapima
Mchele, mawe, kokoto, na kila kitu kizima.
Mshale ukisimama, hata mdogo hujua."

Sikupata usingizi, nikawasha tena taa.
Mwana akawa mzazi, na kipande cha mkaa,
Akachora waziwazi, tarakimu zikakaa.
Sifuri nikashangaa: tupu, lakini yakua.

Kilo tatu kila siku, na nusu, tukazidisha,
Hadi ukuta wa huku namba zikauvalisha:
Bati la nyumba, na kuku, na ada ya kusomesha,
Na dawa ya kuponyesha mama alipougua.

Etwari akasikia, Dulari naye akaja,
Jikoni wakaingia wengine bila kutaja,
Somari kasimamia na mwiko: "Tena! Pamoja!"
Baba, wali akingoja, mwenyewe akapakua.

Siku hizi kwa karani twataja wenyewe namba,
Sauti arobaini zavuka hadi mashamba,
Barua, jasho shingoni, kalamu yake yayumba.
Juzi kaifunga kamba, itazame kwenye ua.

Somari kasema, "Basi, ua si tutaupita?"
Tukazunguka upesi, miiba ikatukata,
Tukaisoma na sisi, hata robo tukapata.
Shauri nimelifuta: hatachuma wangu ua.

Namba hazikai pale mizanini tu, zatoka:
Dulari, dukani kule, chupa ya dawa kashika,
"Tarehe yake ya kale, hii imeharibika."
Mwenye duka kaondoka kuleta ya kununua.

Etwari naye, mjane, kadi yake kaisoma,
Akaona tano, nane, miaka; akatetema:
"Hebu, Somari, uone, mimi bado sijazama!"
Tukacheka, tukahema: sabini alijijua.

Namba zimenizoea, na sasa nina ulafi,
Kila siku nakosea, aniambia, "Si safi."
Leo "ka" imetokea, nyepesi kama ya sufi.
Zikitimia herufi, nimwandikie Barua.