Koleo la Mpini Mfupi

Miaka kumi na tisa nimeshika koleo
kwenye mashine ya kumenya kahawa, Itaka.
Buni hupanda kichanjani,
hugeuzwa taratibu kama kichanga anayeota jua.
Maganda, shimoni.
Yakichacha, nzi huniwahi kazini,
na mke wa Mwashiuya hufunga dirisha nikipita.

Leo kaja Tupokigwe, binti wa Nzunda,
na jiko la mafuta, chujio, vichupa vya kioo.
"Usimwage. Nayataka mabichi, ya asubuhi hii."
Kayachemsha, kayachuja, katia matone:
maji yakawa bluu,
bluu ya sweta za shule.
"Ikikolea hivi," kasema, "kinga ni nyingi.
Kuna watu watainunua kwa gramu."

Kwa gramu!
Nikatazama viganja vyangu,
kahawia isiyotoka kwa sabuni wala majivu.
Nikautazama mto.
Tumeunywesha kinga hiyohiyo
toroli kwa toroli,
hadi kaa wakahama.

"Na huu," nikauliza, "mbona haukunenepa?"

Akafuta kichupa kwa upindo wa koti,
akakifuta tena.
Halafu akaomba koleo.

Nikampa lile la mpini mfupi.