Daftari la Umeme, Keko Magurumbasi

Katika nyumba yetu daftari la umeme nalitunza mimi,
si kwa kuwa nimesoma, ila sidaiwi na mtu.
Vyumba sita, mita moja, choo kimoja uani,
na ule ukumbi mrefu wa katikati
ambao kwenye mkataba haumo
lakini maiti wetu wote wametokea humo,
na maharusi pia.

Jumanne akaja afisa wa Manispaa, Ndeshukurwa,
kitambulisho shingoni, viatu vimekwisha kwa vumbi,
kwapani ramani iliyokunjwa kama mkeka wa mgeni.
Tulimtazama mikono kwanza,
kama ameshika kopo la rangi nyekundu
na brashi ya kuandikia X.
Hakushika.

Akasema: Baraza limepitisha.
Atakayejenga ghorofa kwenye kiwanja cha mji
atapunguziwa ada ya kibali, ataongezewa sakafu mbili kwenda juu,
mradi katika kila milango minne
mmoja uwe wa mwenye kipato kidogo,
na kodi yake alipe mwezi kwa mwezi.

Mwezi kwa mwezi!
Bi Siwatu akaacha bagia zikaungua.
Sisi tuliozoea miezi sita mkononi, na wa saba wa dalali,
dalali ambaye kazi yake ni kukuonyesha mlango
unaoupita kila siku ukienda kununua chumvi.

Ramani ikatandikwa ukumbini.
Pembe moja ikakaliwa na pasi ya mkaa,
nyingine kandambili, nyingine sahani,
ya nne, daftari langu.
Mwakatobe, fundi friji, akainama kama anayetafuta sindano:
"Friji bovu litapanda hapa?"
Kidawa, pacha wawili mapajani:
"Nikienda sokoni, hawa wakilia, nani atasikia?
Kuta zenu zina unene gani?"
Chitanda, mlinzi wa usiku, hakutoka hata kitandani;
sauti yake ikapenya pazia:
"Nitafutieni chumba ambacho jua la saa nne halikijui."

Bi Siwatu ndiye aliyekawia.
Alipitisha kidole chenye unga wa dengu
juu ya ngazi, sakafu hadi sakafu, akasimama kwenye kona.
"Mwanangu, mimi nikifia huku juu
mtanishushaje?
Jeneza halikati kona hii."

Kimya. Mafuta peke yake yakisema.
Ndeshukurwa akachomoa penseli kwenye nywele,
akafuta mstari, akauchora upya nje kidogo.
Milimita tatu za karatasi.
Sijui ni hatua ngapi za zege.

Karatasi tumeziona.
Marehemu baba aliniachia risiti ya kiwanja cha Tabata,
na kiwanja kipo, kimezungushiwa ukuta wa mtu mwingine.
Ahadi ni deni, husema watu;
madeni nayajua, nayaandika kila wiki,
na wanaonidai yuniti kumi
ndio wanaosalimia kwa sauti kubwa.

Hata hivyo fomu tulijaza.
Palikuwa na kisanduku cha "mtu mmoja" na kisanduku cha "familia."
Nikauliza, na anayekaa peke yake
lakini akiugua, uji huletwa na milango mitano,
atie alama wapi?
Akafikiri. Akasema, andika pembeni.
Nikaandika pembeni, mpaka pembeni pakaisha.

Jua lilipokuwa linashuka nilimsindikiza hadi mfereji wa maji machafu.
Akageuka, akatazama nyuma, akanong'ona kama anayeomba moto:
"Kaka, fomu moja haikubaki?"
Kumbe amepanga Chanika, chumba na sebule,
huamka saa tisa za usiku
ili awahi kuja kutupimia sisi pa kulala.

Zilikuwa zimekwisha.
Nikageuza daftari, ukurasa wa nyuma usio na deni,
nikaandika namba saba: Ndeshukurwa.
Mbele ya jina nikaacha nafasi ya yuniti.